Mzunguko Mmoja kwa Siku

Jumapili, tarehe 22 Septemba 2019. Asubuhi hii ukungu ulikuwa umelala bondeni, mzito kama maziwa, na umande juu ya nyasi za uani ulikuwa umekaribia kuwa barafu. Nilipika kahawa, sikuinywa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu aniondolee hasira, kama nilivyomwomba asubuhi kumi na moja zilizopita. Nilipoinuka hasira ilikuwa palepale, imekunja nne, inanisubiri.

Saa mbili wifi yangu Lidia alipiga honi getini. Nilitoka nimekumbatia gitaa, nimelifunga kwa blanketi.

"Umelala nalo?" aliuliza.

"Sijalala."

"Basi lilaze lenyewe siti ya nyuma. Na ulifunge mkanda, lisije likatushtaki."

Lidia ni dada wa marehemu mume wangu. Yeye ni Mwothodoksi wa Pasaka na mazishi, kama anavyosema mwenyewe. Sisi wa nyumba za sala anatuita "watu wa Amani" kwa sababu ya salamu yetu. Lakini gari ni lake, na njia ya kwenda kijiji cha Săliștea Ursului haina basi siku ya Jumapili.

"Wifi, tunakwenda kusali au kupigana?" aliuliza tulipouacha mji.

"Kusali."

"Mbona umevaa viatu vya kupigana?"

Sikucheka. Nilitazama ukungu, nikapanga maneno yangu upya.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kwa miaka thelathini na minane nilipiga sauti ya pili ya mandolini, kigitaa kidogo cha nyuzi nyembamba, katika nyumba yetu ya sala, hapa Beiuș. Miaka hiyohiyo nilishona ngozi za viatu kiwandani, na mashine ikanila kifundo cha mkono wa kulia. Mandolini inataka kifundo kinachotetemeka kama bawa la nyuki. Changu sasa kinatetemeka pale kisipotakiwa, kikitakiwa kinakufa ganzi. Mwezi wa Mei ndugu Sabin, anayetuongoza katika muziki, alinichukua pembeni.

"Dada Veturia, umetumika vya kutosha. Keti sasa na kina mama, uimbe."

Kuketi na kina mama maana yake ni kuketi nyuma, chini ya saa ya ukutani. Mandolini ilikuwa mali ya kanisa, na Jumapili iliyofuata niliiona mikononi mwa mtu mwingine. Nina miaka hamsini na mitatu. Sijaimba vizuri hata siku moja maishani mwangu. Kwa vidole ndivyo nilivyomsifu Mungu, na sijui njia nyingine.

"Na besi?" nilimwuliza Sabin baada ya wiki mbili.

"Besi gani?"

"Gitaa la besi. Noti moja moja. Kidole kinatembea, kifundo kinapumzika."

Wapiga mandolini waliokuwa wakifunga vyombo walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

"Dada, kinanda kina mkono wa kushoto wa noti za chini," alisema Sabin. "Huo unatutosha." Kisha akaona uso wangu. "Haya. Ukija na besi yako mwenyewe, iliyo sawa, ukaipiga bila kutuaibisha kabla ya Shukrani ya Mavuno, kiti ni chako. Usipokuja nayo, nisisikie tena habari hii."

Shukrani ya Mavuno ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba.

Nilijiandikisha darasa la jioni katika Nyumba ya Utamaduni, Jumanne na Alhamisi. Tulikuwa wanafunzi saba, na wale sita ningeweza kuwa nimewazaa. Mwalimu Horațiu ana nywele ndefu, ananuka tumbaku, na amepiga katika harusi zote za wilaya hii, lakini Mungu amempa subira ambayo wahubiri wengi hawana. Darasa lilikuwa na besi moja tu, imefungwa mnyororo kwenye bomba la kupashia joto, maana iliyotangulia iliibiwa. Kwa hiyo ya kuazima haikuwepo.

Jioni nzima moja alitufundisha namna ya kuchagua. Niliandika yote daftarini kwa mwandiko wa shule. La dukani la bei ya chini: jepesi, linang'aa, vyuma vya shingoni vina makali, ila likiharibika dukani wapo. La mtumba: pesa ileile inakupa mbao bora, lakini wa kukurudishia hayupo, ipo dhamiri ya aliyekuuzia tu. Na chini yake nilipiga mstari mara mbili: *Kaza nyuzi kwanza, ndipo utazame shingo.* Alisema shingo ambayo nyuzi zake zimelegea ni kama mtu asiyeulizwa kitu, hana kosa lolote.

Kwa hiyo nilijua. Asije mtu akasema sikufundishwa.

Kwanza mimi na Lidia tulikwenda mji mkubwa wa Oradea, kwenye duka la vyombo vya muziki. Lilikuwepo moja jekundu la lei mia saba na hamsini za pesa yetu, na nilikuwa nimekwisha kulipenda. Kijana wa duka aliendelea kutafuna ubani wake.

"Ni la mjukuu, bibi?"

"Ni langu."

Alimtazama Lidia ili wacheke pamoja. Lidia akamwambia, "Usinitazame mimi, mimi napiga ngoma." Lakini mimi nililirudisha ukutani nikatoka. Ndiyo, kwa hasira. Lile jekundu halikuwa na kosa, kosa lilikuwa la yule kijana. Nililiacha gitaa zima kwa sababu ya mdomo wa mtu, na njiani kurudi nilijiambia kwamba sitanunua tena chombo cha sifa kwa watu wa dunia. Nitanunua kwa ndugu.

Ndugu huyo alikuwa Avram, wa Săliștea Ursului. Anafanya kazi za ujenzi Italia, na kila arudipo huleta vyombo vya muziki alivyonunua huko kwa watu wanaohama. Ni mtu wa nyumba ya sala kama sisi.

"Amani ya Bwana, dada!" aliniita tangu getini, mikono miwili wazi. Mkewe, dada Saveta, alituletea keki ya plamu ikiwa bado moto. Gitaa lilikuwa juu ya meza ya ghalani, la rangi ya kahawia, zito, mbao yake imelika mahali ambapo mkono wa mtu ulipumzika kwa miaka mingi. Lei mia saba. Nyuzi zake zilikuwa zimelegea kama kamba za kuanikia nguo.

Sasa, mtu mwingine angeuliza kwa nini. Mimi nilifurahi. Maana katika bonde letu, kiongozi wa zamani wa muziki, aliyemtangulia Sabin, alitufundisha kulegeza nyuzi kila baada ya ibada. Nyumba za sala zilipashwa moto siku za ibada tu, na baridi ilizipasua mandolini zilizoachwa zimekazwa. "Uzi nao upate sabato yake," alikuwa akisema. Sisi wote tuliolelewa chini yake, tukiona chombo kimelegezwa tunaona nyumba inayomcha Mungu. Niliziona zile nyuzi nikasema moyoni, huyu ni mtu wetu.

Hata hivyo nilikumbuka daftari. Nilishika sikio la kukazia uzi. Avram akaweka mkono wake juu ya wangu, polepole.

"Usikaze leo, dada. Limetoka safari ndefu, mbao bado imeshtuka. Kaza nyumbani, mzunguko mmoja kwa siku, taratibu, kwa maombi."

Kwa maombi! Ningeweza kumsamehe mengine yote.

Nililiinua nikatazama shingo kutoka chini kwenda juu, jicho moja limefumbwa, kama seremala. Imenyooka kama rula. Ingekosaje kunyooka, ikiwa haijavutwa na kitu? Na kumwambia ndugu aliyenilisha keki, "Subiri, nikaze kwanza," niliona ni kama kumwita mwizi mbele ya mkewe. Nilitoa kiganja, akakipiga. Kwetu viganja vikishapigwa, biashara haina kurudi. Hata wauza ng'ombe wanaiheshimu sheria hiyo.

Siku kumi nilikaza. Kila asubuhi kabla ya zamu, masikio manne, mzunguko mmoja mmoja. Kila uzi niliupa ombi lake. Uzi mwembamba nilimwombea Sabin. Wa pili, kifundo changu. Wa tatu, Lidia. Na ule mnene kuliko zote nilimwombea Avram na nyumba yake na safari zake za Italia. Siku kumi, jamani!

Siku ya saba niliona nyuzi zimeanza kuinuka. Siku ya tisa kidole changu kilipita chini yake katikati ya shingo bila kuzigusa. Nilijiambia ni ule mshtuko wa mbao. Siku ya kumi, Jumanne, nililipeleka darasani.

Mwalimu Horațiu alilitazama mara moja tu, akasema shingo imepinda. Akawasha taa ndogo, akachokoa kwa sindano tundu lililo juu ya shingo. Kitu cheusi, laini, kikatoka kidogo kidogo.

"Mama Veturia," alisema, "ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma. Nati yake ikikazwa, shingo inanyooka. Hii nati imekwisha, ufunguo unazunguka bure. Na mtu ameliziba tundu lake ili usione."

"Labda yeye hakujua."

"Nta haiingii yenyewe, mama."

Niliichukua ile nta nikainusa. Miaka thelathini na minane katika viatu, nitaacha kuijua harufu hiyo? Ilikuwa nta ya mshumaa iliyochanganywa na dawa nyeusi ya viatu. Mtu alikaa chini, akayeyusha, akachanganya, akasubiri ipoe. Hakuwa na haraka.

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Kwa bei ya gitaa jingine."

Usiku ule nilimpigia simu Avram. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada, ulipolitazama lilikuwa limenyooka?"

"Lilikuwa limenyooka."

"Tulipiga viganja?"

"Tulipiga."

"Basi. Amani, dada." Akakata.

Salamu yetu! Ile tunayopeana kaburini na kwenye vitanda vya wagonjwa, yeye aliifanya komeo la mlango. Jua limezama mara kumi na mbili juu ya hasira yangu tangu jioni ile, na ninajua vizuri tulivyoagizwa, jua lisizame tukiwa bado na hasira.

Leo tulifika nyumba ya sala ya Săliștea wakati wimbo wa kwanza unaanza. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Lidia alijifunga kichwani kitambaa alichokuta chini ya siti ya gari, kina harufu ya petroli. Nililaza gitaa miguuni pangu. Avram alikuwa safu ya tatu. Aligeuka, akanisalimu kwa kichwa, kisha akaliona blanketi. Kuanzia hapo alisoma dari.

Sikuweza kuomba. Nililitafuta neno moja la kumwambia Mungu, nikapata hili tu: Usininyamazishe.

Kuna desturi katika nyumba zetu zote kwamba mgeni haondoki bila kuleta salamu. Baada ya wimbo wa pili mchungaji Emil, mzee mpole mwenye miwani minene, alituangalia.

"Tuna wageni leo. Dada, unatuletea salamu kutoka wapi?"

Nilisimama. "Nawaletea salamu kutoka Beiuș."

"Amani!" walijibu wote kwa pamoja, na Avram naye.

"Na nimewaletea kitu chenu."

Nilitembea hadi mbele. Nilifungua blanketi. Watu walijiinua vitini kama wanaodhani watapewa zawadi. Dada wa kinanda alichomoa waya kwenye spika yake akanipa bila kuuliza, Mungu ambariki. Niliketi, nikapiga nyuzi nne zikiwa wazi, moja baada ya nyingine. Safi. Nilikuwa nimezipatanisha usiku.

"Ndugu wa mandolini," nilisema, "mnisaidie kusikia."

Nikapiga wimbo wa mavuno ambao kila mtoto wa bonde hili anaujua kabla hajajua kusoma. Mstari wa kwanza, chini kabisa mwa shingo, ulivumilika. Wa pili ulipanda, na kila nilipobonyeza uzi ule ulioinuka hewani, noti ilivutika juu ya mahali pake. Mstari wa tatu ulikuwa aibu. Niliona nyuso zikikunjamana kama watu waliouma limau. Mtoto mmoja alicheka, akafinywa.

Mzee mmoja wa mandolini ya kwanza aliinua mkono. "Inapanda," alisema. "Inapanda juu."

"Ni mimi, ndugu, au ni gitaa?"

Alikuja, akalichukua, akafumba jicho moja. "Loo! Huu ni upinde. Bado mshale tu."

"Nimelinunua hapa," nilisema. "Kwa ndugu Avram."

Mchungaji alivua miwani. "Dada, mambo ya biashara tutayazungumza uani, baada ya ibada."

"Mchungaji, hakuniuzia kwa jina la uani. Aliniuzia kwa salamu yetu. Ndiyo maana nimelirudisha hapa salamu inapokaa."

Avram alisimama, uso umemwiva. "Alilitazama mwenyewe! Kwa jicho lake! Tulipiga viganja, na mke wangu ni shahidi!"

"Uliniambia nisikaze. Uliniambia mzunguko mmoja kwa siku, kwa maombi, nikakaza siku kumi."

Minong'ono ilizunguka chumba. Yule mzee wa mandolini alicheka bila furaha. "Kwa siku? Avram, sisi hulegeza Jumapili, tukakaza Jumatano, dakika tano. Tangu lini uzi unafunga siku kumi?"

Maneno yale yalinichoma mimi kuliko Avram. Maana hata mimi nilikaza mandolini yangu kwa dakika tano, kila Jumatano, miaka thelathini na minane. Nilikijua kila kitu nilichohitaji kukijua, nikakiweka kando kwa sababu mtu aliniita dada.

"Na ile nta," nilisema. "Tundu la nati limezibwa kwa nta ya mshumaa na dawa ya viatu. Mwalimu wangu aliitoa kwa sindano. Ninayo hapa, kwenye leso."

"Sijui nta yoyote," alisema Avram. "Labda ni huko Italia."

"Muulizeni huko Italia wanapaka viatu dawa gani," Lidia alisema kutoka safu ya nyuma, kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza.

Hapo ndipo dada Saveta aliposimama upande wa wanawake. Ni mwanamke mdogo wa umbo. Hakunitazama mimi.

"Avram," alisema. "Mshumaa."

"Keti, Saveta."

"Nilikuuliza mshumaa wa nini, mchana wote ule, na umeme upo. Ukaniambia droo imekwama, unaipaka nta iteleze."

Avram alishika mgongo wa benchi lililo mbele yake. Nilimtazama nikitegemea kumwonea huruma, maana ndivyo nilivyofundishwa, lakini huruma haikuja. Niliona mkono wake ukiwa juu ya mkono wangu, pale ghalani, ukinizuia kwa upole.

"Nitaliangalia, dada," alisema mwishowe. "Nitajitahidi. Tutaelewana."

"Hapana," nilisema. "Amani uliniambia kwa sauti ya juu, tangu getini. Na hili liseme kwa sauti ya juu."

Alimgeukia mchungaji, kama mtoto anayemtafuta mama. Mchungaji Emil alivaa miwani yake, akasema, "Njoo mbele, Avram. Sema."

Alikuja. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu, mikono mfukoni, na mchungaji akasubiri mpaka akaitoa.

"Mbele za Mungu," alisema Avram, "na mbele ya nyumba hii. Jumamosi hii nitampelekea dada Veturia gitaa la besi lisilo na kosa. Au nitamrudishia fedha zake zote."

"Gitaa," nilisema. "Fedha hazikai kwenye kiti alichoniahidi Sabin. Shukrani ni baada ya wiki mbili."

"Gitaa. Lililonyooka."

"Limekazwa."

"Limekazwa."

"Na litalala kwangu usiku mzima limekazwa, kabla sijakupa kiganja."

Avram alirudia: "Na litalala kwake usiku mzima, limekazwa, kabla hajanipa kiganja."

"Amani," walisema baadhi yao, kwa pumzi ya watu wanaotaka jambo liishe. Mzee wa mandolini alinirudishia lile gitaa bovu kwa mikono miwili. Wote walikuwa wakingoja nami niseme Amani, niketi. Nilijaribu. Nilimwomba Mungu, palepale, kwa mara ya kumi na tatu, aniondolee hasira, na Mungu aliniachia ile hasira mkononi kama chombo ambacho kazi yake haijaisha.

"Nami naahidi," nilisema, na nilisema kwa sauti iliyofika hadi kwa Lidia mlangoni. "Jumamosi usipokuja, ndugu Avram, Jumapili nitakuwa hapa, kwenye kiti hiki, na gitaa hili. Na Jumapili itakayofuata. Mtaniuliza nimeleta salamu kutoka wapi, nami nitawapigia wimbo uleule, ulivyopinda, mistari yote mitatu, mpaka wewe uje."